Mkono Ulio Ndani ya Kamera

Tarehe 3 Machi

Mke mwenzangu,

Nakuitikia marahaba kabla hujaniamkia, maana najua huko ulikohamia hakuna wa kukukumbusha adabu. Mimi mzima. Magoti yanalalamika, lakini kwa kuwa masikio yamefunga kazi kabisa, siyasikii. Bati la jikoni limetoboka palepale ulipoliziba. Watoto wa baba yako mdogo wazima, yule wa mwisho amepoteza meno ya mbele na anatembea kaziba mdomo kama bi harusi. Baba yako mdogo naye yuko, anakwenda kazini na kurudi.

Usishangae kupata barua. Simu yangu imechukuliwa ikatengenezwe na haijarudi. Hata ingekuwapo, ningekusikia kwa kutumia nini?

Sasa kaa tuzungumze. Ile barabara inayopanuliwa imefika mbele ya studio yangu. Wiki iliyopita katapila la kampuni lilisukuma ukuta wa chumba cha fundi cherehani, yule mama aliyekushonea sare zako zote za shule. Alikuwa ndani. Ukuta ulimwangukia mguuni, na hospitali wameukata chini ya goti. Kampuni inasema dereva alijiamulia mwenyewe kusukuma, hakuna aliyemwambia. Dereva ni Mpole, yule kijana aliyekuwa akikubebea ndoo. Yuko mahabusu. Mkewe anakuja kukaa kibarazani kwangu na mtoto mgongoni. Hasemi kitu, na akisema sisikii, basi tunakaa tu.

Mimi nilikuwa mlangoni na kamera kubwa ya mume wetu marehemu, kwa sababu ile ndogo ya wateja ilikuwa kwenye chaji. Niliyaona yote kupitia kitundu cha kamera, na nikabonyeza. Shida ni kwamba kioo cha nyuma cha kamera hiyo kilishakufa, kwa hiyo hizo picha hakuna aliyeziona, hata mimi. Kadi yake ni ya zamani, nene kama biskuti, na hakuna duka hapa lenye kifaa cha kuisoma. Imebaki njia ya waya. Nimeichomeka kwenye kompyuta uliyoniwekea hiyo Linux yako baada ya virusi kuimaliza. Linafunguka dirisha, kiduara kinazunguka, kinazunguka, basi. Kamera ndogo inaisoma vizuri. Hii ya babu yako inaikataa. Nimezima, nimewasha, nimeitukana matusi ambayo nisingeyaandika hapa.

Niandikie nifanye nini, neno kwa neno, herufi kubwa. Kuna watu wamekuja kwa adabu nyingi kutaka kuichukua kamera wakanitengenezee. Nimewaambia kamera yangu si mgonjwa. Naivaa shingoni hata nikienda sokoni. Wanaocheka wacheke.

Mimi,
Bibi yako, ambaye bado hajafa

*

Tarehe 17 Machi

Bibi, mke mwenzangu, shikamoo,

Barua yako imenikuta nikiwa na mafua, nikacheka mpaka nikakohoa. Kazi hapa chuoni ni ileile, kompyuta za maabara na wanafunzi wanaomwaga soda kwenye vitufe. Nimehamia chumba kingine chenye dirisha, nalala na mwenzangu mmoja anayeimba akiwa usingizini. Nakula vizuri, usianze.

Habari ya fundi cherehani imeniuma sana. Mpe pole yangu. Na Mpole! Mtu aliyekuwa akimkwepa hata kuku njiani!

Haya, kompyuta. Tusiilaumu kabla hatujaiuliza. Washa kamera, chomeka waya, kisha fungua lile dirisha jeusi nililokuonyesha, lile ulilosema linafanana na ubao wa shule. Andika

lsusb

ubonyeze Enter. Herufi ya kwanza ni L ndogo, si moja. Itakutajia vitu vyote vilivyochomekwa. Ukiliona jina la kampuni iliyotengeneza kamera, waya ni mzima. Usipoliona, badilisha waya. Kisha andika

gphoto2 -P

hicho ni kistari, na P ni kubwa. Hapo kompyuta itazivuta picha zote na kuziweka kwako.

Halafu, Bibi, kwenye hizo picha kuna nani? Na Baba Mdogo si yuko kampuni hiyohiyo? Mwambie akamsemee Mpole. Yeye ni mtu wanayemsikiliza pale.

Mjukuu wako

*

Tarehe 2 Aprili

Mke mwenzangu,

Kwanza mafua, tumia tangawizi na uache kulala na kichwa kimelowa. Pili, huyo anayeimba usingizini mwombe nyimbo nzuri.

Fundi cherehani ametoka hospitali. Amekaa kitandani kwa dada yake, cherehani yake ameiweka mbele yake anaitazama. Ni ya kukanyaga kwa miguu miwili. Nilimshika mkono tu.

Nimefanya ulivyoniambia. Nilianza kwa kuandika moja badala ya L, kompyuta ikaniambia haijui neno hilo. Nikairekebisha. Ikanitajia orodha, na jina la kamera limo! Nikapiga kofi la furaha peke yangu. Nikaandika lile la pili na P kubwa. Ikakataa. Nimenakili ilichosema kwenye karatasi niliyoambatanisha, herufi kwa herufi, maana Kiingereza changu unakijua. Mwalimu wa hisabati amenitafsiria: inasema haiwezi kuikamata kamera. Sasa inaikamataje na imekwisha kuiona? Nimejaribu tena na tena. Jibu lilelile, kama karani wa serikali.

Umeniuliza pia maswali mawili ya mwisho. Hayo yaache kwanza. Wewe nipe dawa ya kompyuta.

Kesi ya Mpole imepangwa. Nijibu upesi.

Bibi yako

*

Tarehe 20 Mei

Bibi, shikamoo,

Natumaini u mzima. Mimi mzima.

Nimechelewa, najua. Kulikuwa na mitihani hapa, kazi zilikuwa nyingi.

Baba Mdogo amenipigia. Amesema ninakusumbua kwa mambo ya kompyuta na umri wako hauruhusu. Amesema huli, unazunguka mtaani na kamera shingoni na watu wanaongea. Bibi, nimefikiri sana. Mambo ya mahakamani yana watu wake. Mpole ana wakili. Huenda hata hizo picha hazikutoka, au zimetoka giza tupu. Kuna ulazima gani wewe kujiingiza? Pumzika.

Bati nitakuja kuliziba mwenyewe likizo.

Mjukuu wako

*

Tarehe 1 Juni

Mjukuu wangu,

Sikuiti mke mwenzangu leo. Mke mwenzangu hawezi kuniandikia barua kama ile.

Nyumbani wote wazima. Mvua imekatika. Hizo ndizo salamu.

Uliniuliza kwenye picha kuna nani, nikakunyamazia. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka uzitoe hizo picha bila moyo wako kugawanyika. Kumbe umeshagawanywa. Basi nakujibu. Kwenye picha yupo Mpole, katoa kichwa nje ya katapila, anamtazama msimamizi wake. Mlango wa fundi cherehani uko wazi, na nguo za watu zimetundikwa. Mpole ameunyoosha mkono kuelekea kwenye mlango huo, anauliza kuna mtu. Na msimamizi amesimama kwenye kifusi, mkono juu, anampungia: sukuma! Alipunga, Mpole akasita, akapunga tena kwa hasira. Ndipo ukuta ulipokwenda. Msimamizi huyo ni baba yako mdogo. Mkono ule nimeuzaa mimi. Nimeuosha, nimeukata kucha, nimeufundisha kushika kijiko. Nitaukosea?

Jioni ileile nilimwambia, "Nenda kaseme ulimwamuru." Aliniandikia kwenye karatasi, kwa kuwa akitaka nielewe vizuri huandika: "Mama, nikisema, mimi ndiye nitakayefungwa." Nikamwuliza, na Mpole je, yeye hana mama? Akaichana karatasi. Kesho yake simu yangu ikaenda kutengenezwa.

Mwanangu amewaambia polisi kwamba mama yake ni mzee, hasikii, anaona vitu visivyokuwapo. Ni kweli sisikii. Lakini ni nani aliyewahi kusikia mkono ukipungwa?

Utasema alikulea. Nani asiyejua? Baba yako alipofariki, alikuchukua ukiwa hujui hata kufunga kamba za viatu, akakusomesha, akakupenda. Simwondolei hata tone moja la hayo. Nami nampenda kuliko unavyoweza kumpenda wewe. Hilo halimpi ruhusa ya kumfunga mtoto wa mtu mwingine mahali pake, na mimi nikae kibarazani na mke wa huyo mtoto, nimpe chai, nikijua.

Unaniambia nipumzike. Nitapumzika vya kutosha mkinifukia. Kama hutaki kunisaidia, sema hutaki, nitajifunza mwenyewe. Mwalimu wa hisabati ameshaanza kunisomea hiyo karatasi mstari kwa mstari. Nikishindwa nitapanda basi na kamera shingoni, nije nisimame mlangoni pa chuo chenu niulize kwa sauti, na unajua kiziwi akiongea hajui kupunguza sauti.

Bibi yako

*

Tarehe 9 Juni

Mke mwenzangu, shikamoo, na usiniondolee jina hilo tena,

Hakukuwa na mitihani. Barua yako ya Aprili ilikuwa mezani kwangu muda wote ule, na dawa yake niliijua siku niliyoifungua. Baba Mdogo alishanipigia mapema. Hakunitisha. Alilia. Sijawahi kumsikia akilia, Bibi, hata kwenye msiba wa baba hakulia. Aliniomba nisikujibu, na nikashindwa kumkatalia.

Jana nimempigia mimi. Nilimwambia, "Baba, umenilea na nitakushukuru mpaka naingia kaburini. Lakini kesho namtumia Bibi dawa yake." Akasema, "Ukituma hiyo barua, usikanyage kwangu." Nikamwambia nimesikia.

Sikiliza. Kompyuta haijaharibika na kamera haijaharibika. Lile dirisha linalojifungua lenyewe ukichomeka waya, lenye kiduara, ndilo linaloishika kamera. Halijui kuisoma kamera ya zamani hivyo, ila limeishika na halitaki kuachia. Ndiyo maana ukiandika amri yangu inaambiwa haiwezi kuikamata. Tunaondoa kwanza aliyeshika.

Hakikisha betri ya kamera imejaa. Chomeka, washa. Lifunge dirisha la kiduara. Kwenye dirisha jeusi andika

pkill -f gphoto2

Kuna nafasi kabla ya kistari, hakuna nafasi baada yake. Enter. Haitakujibu kitu, na kimya chake hapo maana yake ni ndiyo. Mara hiyohiyo, bila kwenda kunywa chai, andika

gphoto2 -P

Ikikataa, chomoa, chomeka, rudia yote mawili. Zikishatoka, zinakili kwenye flashi mbili. Moja nitumie mimi. Kuanzia hapo hata wakiichukua kamera, wamechukua chuma.

Mke mwenzako

*

Tarehe 24 Juni

Mke mwenzangu, mke mwenzangu, mke mwenzangu!

Wote wazima, bati linavuja, yule wa mwisho ameota jino. Zimetoka!

Mara ya kwanza ilikataa kwa sababu niliweka nafasi baada ya kistari. Mara ya pili niliandika la kwanza, ikanyamaza ulivyosema, nikaandika la pili, na majina ya picha yakaanza kushuka kwenye kioo moja baada ya jingine, mimi nimeshikilia meza. Mwanzoni zilitoka picha za miaka ambayo mume wetu alikuwa hai. Yupo mwenyewe kwenye moja, amejipiga kwenye kioo cha kabati, kavimba kifua. Nilitamani kusimama hapo nimtazame. Nikaendelea kushuka.

Ile niliyoitafuta haina giza. Ina mwanga kama nilivyoipanga. Mkono uko juu, sura iko wazi, mdomo umefunguka. Kichwa cha Mpole kiko nje. Mlango uko wazi. Inayofuata ni vumbi.

Sikwenda kwa wakili siku hiyo. Nilimwita kwanza mwenye mkono. Alikuja na viatu vya kazini, nikamkalisha mbele ya kompyuta. Aliitazama muda mrefu. Halafu akanigeukia akaongea polepole ili niusome mdomo wake. "Mama, futa."

Nikamwambia, "Nimekufuta kamasi, nimekufuta machozi. Hii sifuti."

Akasema kitu kingine, sikukishika. Akauweka mkono juu ya kompyuta, nikadhani atainyanyua aivunje. Nikamwambia ivunje, mwanangu, ni yangu, lakini flashi moja iko posta inakwenda kwa binti yako. Akauondoa mkono. Nikampa mpaka Jumatatu aende akaseme kwa mdomo wake mwenyewe, na kama angekwenda, picha ingebaki kwangu. Nilimwandikia hilo kwenye karatasi, kwa kalamu, ili lisiwe neno la kubishaniwa.

Jumatatu nilikaa mlangoni mpaka watu wakaanza kufunga maduka. Hakwenda. Jumanne nilivaa gauni langu la kijani, nikamshika mkono mke wa Mpole, tukaenda kwa wakili. Njiani wake za wafanyakazi wenzake mwanangu walinigeuzia migongo. Nikaiamkia hiyo migongo.

Bibi yako

*

Tarehe 5 Julai

Mke mwenzangu, shikamoo,

Flashi imefika. Nimeifungua nikiwa peke yangu. Nilipouona uso wake nilitaka kuutetea, nikatafuta pembe ya kuutetea, sikuipata.

Mimi mzima, kazi inaendelea. Hajanipigia. Niambie ukweli: unakula? Nani anakuchotea maji? Na ukikaa peke yako, Bibi, hujiulizi kama tumemvunja?

Mjukuu wako

*

Tarehe 30 Agosti

Mke mwenzangu,

Nakula. Maji ananichotea mke wa Mpole, nikimkataza anajifanya kiziwi kama mimi. Fundi cherehani amepata cherehani ya kuzungusha kwa mkono, anashona akiwa amekaa, na ametangaza kwamba atakushonea gauni hata kama hulitaki.

Kesi imesikilizwa. Wakili wa kampuni alisimama akaongea huku akinionyesha kidole. Nikaomba nielezwe anasema nini. Karani akaniandikia: anasema shahidi hasikii, hafai. Nikamwambia hakimu, "Mheshimiwa, ni kweli. Sikuja kusema nilichosikia." Watu walicheka, nilijua kwa mabega yao. Hakimu hakucheka. Aliagiza nikiulizwa, niandikiwe. Wakaniandikia maswali asubuhi nzima. Huyu ni nani kwako? Mwanangu. Una ugomvi naye? Sina. Mbona basi unamfanyia hivi? Nikajibu kwamba hivi alijifanyia mwenyewe, mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu.

Kisha hakimu akamwita yeye, akampa picha, akamwuliza mkono huu ni wa nani. Aliishika kama mtu aliyeshika kitu cha moto. Nilimkazia macho asije akasema uongo nikiwa namtazama. Midomo yake ilipofunguka niliisoma vizuri. "Wangu."

Mpole yuko nyumbani. Amekonda, mtoto wake alimkimbia siku ya kwanza. Kampuni imemsimamisha baba yako mdogo, na kesi yake inakuja, hatujui itakwendaje. Mkewe haniamkii. Watoto wamekatazwa kuja kwangu, ila yule wa mwisho hupita akanionyesha jino lake jipya na kukimbia.

Umeniuliza kama tumemvunja. Sijui. Najua kwamba kesho ikirudi siku ile, nitabonyeza tena, na kompyuta ikinikatalia nitapambana nayo tena. Yeyote anayetaka nijute anisubiri, nina kazi.

Jana alikuja. Nilidhani ni mteja, nikawa nafuta lenzi, kuinua macho ni yeye. Amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Akaniandikia: anataka picha ndogo nne, za kuombea kazi. Kuna studio nyingine mbili mjini, zote ziko karibu na kwake kuliko yangu. Sikuuliza. Nilimkalisha kwenye stuli, nikamnyoosha kola, nikamgeuza kidevu kwa kidole kama ninavyomfanyia mtu yeyote. Nilipoiweka kamera jichoni, akaanza kuongea. Aliongea sana, kichwa ameinamisha, nisiweze kumsoma midomo.

Nikamwambia, "Inua uso. Na ufunge mdomo kwanza, utatoka vibaya."

Akauinua, macho yamelowa, akanitazama. Nikampiga.

Ametoka vizuri.

Bibi yako